Koti la Ondieki

Ondieki alikufa mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa ameketi mstari wa mbele, miguu ameinyoosha, akila karanga kutoka mfukoni.

Ilikuwa Kebirigo, mwaka wa sabini na moja, uwanjani mwa shule. Chama cha kina mama kilikuwa kimetengeneza mchezo wa kuchekesha ili kumwonyesha mgeni kutoka wilayani kwamba wanawake wa huku wameamka. Mtunzi alikuwa Bathsheba, mke wa mwalimu mkuu, mwanamke aliyevaa viatu hata akienda kisimani, na ambaye watu waliapa kwamba kuku wake walitaga mayai yaliyokwisha kuoshwa. Katika mchezo huo mke mmoja aitwaye Kerubo anachoka kubeba kuni, maji, mtoto na mume kwa wakati mmoja. Anawakusanya wake wote wa kijiji, wanagoma kupika, na mwishowe waume wanapiga magoti wakiomba kufundishwa kushika mwiko. Kerubo alikuwa Bathsheba mwenyewe. Angekuwa nani mwingine?

Shida ilikuwa mume wa Kerubo. Hakuna mwanamke aliyetaka kuvaa suruali mbele ya wazee wa kanisa, wengine hata walianza kuugua ghafla kila zoezi lilipotajwa. Sehemu hiyo ikamwangukia Mong'ina kwa sababu siku ya kugawana alikuwa shambani akichuma majani chai, na asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa. Maneno yake katika mchezo wote yangeenea kwenye kiganja: “Maji iko wapi?” “Nani amehamisha kiti yangu?” na mengine ya namna hiyo. Kiswahili cha Mong'ina kilikuwa cha sokoni, cha kupunguziwa bei ya chumvi, kwa hiyo hata hayo machache aliyasema kama mtu anayetema mbegu.

“Wewe simama tu,” Bathsheba alimwambia. “Kazi yako ni watu wanione mimi nikikushinda.”

Mong'ina alikubali. Kichwa chake hakikuwa kwenye mchezo. Kilikuwa kwa binti yake.

Gesare alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, msichana pekee wa upande ule wa mto aliyefaulu, na Bathsheba, ingawa alikuwa Msabato wa kuzaliwa, alikwenda mwenyewe kwa masista Wakatoliki akamtafutia nafasi katika shule yao ya bweni. Lakini kabla msichana hajashona hata sare, Ondieki alikwisha kumpa neno lake Onsongo wa Ogembo, mwenye duka na chai na wake wawili, mtu aliyekuwa na meno mengi kuliko yanavyohitajika. Ng'ombe wangeletwa Jumapili baada ya mchezo. Mong'ina alimwendea mumewe akiwa anakunywa uji, akamwomba, akamweleza mambo ya masista, akamwambia mtoto mwenyewe analia. Ondieki alikohoa mara mbili, kama alivyofanya siku zote kabla ya kusema, akasema neno la mwanamume likitoka halirudi kama mbuzi. Akaomba uji mwingine, ingawa chungu kilikuwa karibu na mkono wake kuliko wa mkewe.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ya mchezo.

Katika mazoezi Mong'ina alikuwa akivaa koti la mwalimu mkuu, lile la kwendea kanisani. Siku yenyewe mwalimu mkuu akakumbuka kwamba yeye ndiye atakayekaa kando ya mgeni, na koti akalirudisha mwilini mwake. Bathsheba akatupa mikono juu. Mong'ina akasema si kitu, kwake ni hapo chini tu, atatafuta nguo ya kiume.

Nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango, lilining'inia koti la jeshi ambalo Ondieki alikuja nalo kutoka vitani Burma pamoja na mguu wa kushoto usiokunjika sawasawa. Koti hilo lilikuwa zito kiasi kwamba nyumba ilisemekana kuinama upande wa msumari. Mong'ina alilitoa, akaingiza mkono mmoja, akasimama.

Kwa wale wasioijua desturi ya huku: mwanamke huvaa nguo za mumewe mbele ya watu siku moja tu katika maisha yake. Mume anapokuwa amefukiwa, mjane huchukua koti lake, kofia yake, fimbo yake, akatembea uwanjani kama alivyotembea marehemu, akakohoa kama alivyokohoa, akafoka kama alivyofoka, na watu hucheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo njia ya kumsindikiza. Waliobatizwa hufanya hivyo na wasiobatizwa hufanya hivyo, wachungaji wakitazama kando.

Mong'ina alijua. Alisimama na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, akinusa tumbaku, na kutoka nyuma ya nyumba akamsikia Gesare akisaga wimbi na kuhesabu kwa Kiingereza kila jiwe lilipozunguka, ili asisahau. Akaingiza mkono wa pili. Akajiambia ni mchezo tu.

Mchezo ulianza vizuri kwa Bathsheba. Aliingia na jembe begani, akasema maneno yaliyonyooka kama mistari ya daftari, kuhusu haki na maendeleo na mwanamke kuwa nguzo ya taifa. Mgeni alitikisa kichwa kukubali. Watu wengine, ambao Kiswahili chao kilikuwa sawa na cha Mong'ina, walitazama mbuzi waliokuwa wakila ua wa shule.

Kisha Mume akaingia.

Alikohoa mara mbili. Mguu wa kushoto ukavutwa, ukazungushwa, ukawekwa. Akafika kwenye kiti, akakigonga kwa fimbo kuona kama kuna kuku chini yake, kama Ondieki alivyokigonga kila jioni tangu kuku mmoja alipomuumbua mbele ya wakwe. Akakaa, akatazama kibuyu cha maji kilichokuwa kando ya goti lake, akainua kichwa na kuita kwa sauti ya kijeshi: “Maji iko wapi?”

Kicheko kilichotoka pale, wazee husema, kiliwashtua nyuki wa Nyamira hadi wakahama. Akina mama walishikana mabega. Bathsheba alijaribu kuendelea na hotuba ya haki, lakini kila alipofungua mdomo Mume alikuwa akifanya jambo nyuma yake: akivuta suruali upande mmoja, akitafuta kiberiti katika mifuko yote kisha kukipata sikioni. Shujaa wa mchezo akawa kama redio iliyoachwa ikisema peke yake. Na lililowaangusha watu kabisa lilikuwa ule mkono. Ondieki alikuwa na mazoea, akitembea, ya kuuacha mkono wa kulia nyuma, kiganja wazi, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu. Mong'ina aliutembeza mkono huo jukwaani mbele na nyuma, akiufungua na kuufunga, kama ombaomba anayeona haya kuonekana uso. Hata mgeni alifuta macho.

Ondieki mwenyewe alicheka mwanzoni. Alicheka mpaka akalitambua koti. Karanga zikabaki mdomoni.

Na hapo, mwisho kabisa wa uwanja, bibi mmoja kizee ambaye macho yake yalikwisha kufungwa na ukungu, aliyesikia kikohozi na kuona umbo la koti na mke wa Ondieki ndani yake, alifanya kile alichofundishwa kufanya tangu utotoni. Aliweka mikono kichwani akapiga yowe la msiba.

“Ondieki ameenda! Ondieki wetu ameenda!”

Kicheko kilikatika. Watu wakageuka kumtazama Ondieki, kisha koti, kisha Ondieki. Mwanamke mmoja akalia, si kwa kutaka, ni mwili tu ulioitika yowe. Na wa pili akamfuata. Bathsheba, akiwa peke yake asiyeelewa kwa nini ameachwa, alimaliza hotuba yake yote hadi neno la mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Onsongo, aliyekuwa amekuja kumtazama mchumba wake kwa mbali, alisimama, akapangusa suruali, akaondoka bila kumuaga mtu. Ng'ombe hawaingizwi katika boma ambalo mwenyewe ameliliwa na mkewe, na mahari haina mkono wa kuipokea.

Wazee walikaa siku iliyofuata. Ongeri, kaka mkubwa wa Ondieki, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, alisema dawa ipo na ni rahisi. Mong'ina apike ugali wa wimbi, aje nao mlangoni jua likiwa juu, amwite mumewe kwa jina. Mumewe aitike, atoke, ale. Maiti haitwi na maiti haitiki, kwa hiyo akishaitika itajulikana kwamba yu hai, na lile la uwanjani lilikuwa upuuzi wa kina mama. Naye Onsongo, Ongeri aliongeza kwa nia njema, ametuma mtu kusema kwamba neno lake bado liko palepale, anangoja tu boma lisafishwe.

Wote wakamtazama Mong'ina.

“Nitamwita,” alisema, “akisema hapa mbele yenu kwamba Gesare ataenda kwa masista.”

Ondieki alifungua mdomo. Kila mtu alingoja vikohozi viwili, na vijana waliokuwa ukutani walianza kubana midomo. Akawaona. Akakimeza kikohozi, mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti iliyokuja ilikuwa nyembamba.

“Wewe ulinivua nguo mbele ya dunia, Mama Gesare. Sasa unataka na ulimi wangu?”

“Nataka mtoto.”

“Nimempa Onsongo neno langu.”

“Basi kaa ulivyo.”

Ondieki alimtazama. Wengine husema alitabasamu, lakini watu wa Kebirigo husema mengi. “Sawa,” akasema. “Mimi ni maiti. Maiti hapokei ng'ombe wa mtu.” Akainuka, akauvuta mguu wake, akatoka.

Mong'ina alihesabu hilo kuwa ushindi. Mwezi wa kwanza ulipofika alimtia Gesare kwenye gari na sanduku la bati, Bathsheba akimshika msichana mkono na kumkumbusha kwamba asile chakula cha Jumamosi kilichopikwa Jumamosi hiyohiyo. Walipoondoka, Mong'ina alirudi shambani akachuma mpaka kikapu kikakataa. Alikuwa ameshinda. Alijiambia hivyo kwa sauti, katikati ya chai, na hakuna aliyembishia.

Lakini Ondieki alishika umaiti kama alivyoshika jeshi. Alihama nyumba ya mkewe akalala katika kibanda cha kulindia ndizi, huko bondeni kwenye umande. Alipofika penye pombe ya wimbi, wazee walimsogezea kigoda kwa adabu, ila mrija hakuna aliyempa. Nani anywe chungu kimoja na mtu aliyeliliwa? Wauzaji sokoni walimtazama juu ya kichwa. Watoto walimkimbia, si kwa dharau, kwa woga wa kweli. Alipopita karibu na watu waliokuwa wakiongea habari zake, waliendelea kuongea. Na hakukohoa tena. Kila mara kifua kilipomsukuma alikimeza kikohozi, kwa sababu alijua kwamba baada ya kikohozi cha pili mtu fulani mahali fulani atacheka. Akakimeza mchana wa jua na usiku wa umande. Watu wanaojua hesabu za mambo kama hayo husema alikuwa na vikohozi vya kutosha mwaka mzima ndani yake, vimepangwa kama magunia, na kwamba ukipita karibu na kibanda ungevisikia vikisukumana.

Mwanzo wa mvua ndefu Ongeri alikuja kwa Mong'ina. Alisema mdogo wake ana homa, hali chakula, macho yamerudi ndani. Alisema pia kwamba Onsongo bado hajaoa mke wa tatu. Ni mtu wa kungoja.

Mong'ina alipika ugali wa wimbi. Alikaa nao mbele yake mpaka ukaanza kukauka juu. Gesare alikuwa tayari amefika kidato cha kwanza, ana vitabu, ana kitanda chenye namba. Je, wangemtoa huko? Alijua wangemtoa. Hata hivyo alijitwika ule ugali, akashuka bondeni jua likiwa juu, akasimama mlangoni mwa kibanda, miguu imezama kwenye tope.

“Ondieki,” aliita.

Ndani, majani makavu yalisogea. Alisikia pumzi, akasikia kifua kikisukuma na kumezwa.

“Ondieki. Nimekuita. Itika basi.”

Mvua ilianza, ile ndogo isiyo na haraka. Mong'ina aliita mara ya tatu, na safari hii sauti ilimvunjika, maana alitambua kwamba alikuwa anamwomba. Kwa ndani mtu alisema, polepole, kama anayeeleza jambo ambalo angetaka lisirudiwe:

“Nikiitika, Mama Gesare, yule mzee wa Ogembo ataleta ng'ombe kesho. Neno langu likifufuka nalo litatembea. Peleka ugali nyumbani.”

Mong'ina aliuweka ugali mlangoni akaondoka. Njiani alijiambia ni kiburi. Ni kiburi tu cha mwanamume anayetaka aonekane ameonewa. Aliurudia huo wimbo hadi alipofika nyumbani, na alipofika alikuta msumari nyuma ya mlango, na koti juu yake, na akalifunika kwa kanga.

Ondieki alikufa wiki ileile. Mhudumu wa zahanati alisema ni mapafu. Watu walisema ni vikohozi.

Walimzika mbele ya nyumba, kushoto mwa mlango, ardhi ikiwa laini kiasi kwamba wachimbaji hawakutoa jasho. Udongo uliporudishwa, ukafika wakati wa koti. Wanawake wakatazamana. Ongeri akasema kwa upole kwamba mjane alikwisha kumlilia mumewe, tena mbele ya mgeni wa serikali, na mtu haliliwi mara mbili na mke mmoja. Mong'ina akae ndani, asivuke kizingiti mpaka watu watawanyike. Akakaa, mgongo ukiwa kwenye ukuta, akiona uwanja kupitia mlango uliokuwa wazi.

Lakini marehemu hawezi kwenda bila kusindikizwa. Basi koti likapewa Bathsheba, kwa kuwa ndiye mwigizaji mwingine waliyemjua. Bathsheba alilivaa juu ya gauni lake la maua. Alikohoa mara mbili vizuri, kama mtu anayetaka kuanza mkutano. Alichechemea, ila kwa mguu wa kulia. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyelia. Alisimama katikati ya uwanja, mikono ikiwa imepotelea ndani ya mikono ya koti, na kwa mara ya kwanza tangu Kebirigo imjue alikosa neno.

Gesare alikuwa amefika adhuhuri kutoka shuleni, bado na sare. Alitoka miongoni mwa wasichana, akamvua Bathsheba koti, akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu.

Hakukohoa. Alikwenda upande wa juu wa uwanja, kule mteremko unakoanzia kuelekea mtoni, akaanza kushuka. Mguu wa kushoto ukavutwa, ukazungushwa, na wale waliokuwa karibu wakajiandaa kucheka, maana mguu ulikuwa wenyewe. Penye utelezi akageuka ubavu. Akauchomeka ule mguu mbovu chini, kwenye tope, kama kigingi, akaukaza. Kisha, bila kutazama nyuma, akauacha mkono wa kulia nyuma yake, kiganja wazi, ukingoja.

Akangoja hivyo muda ambao mtoto mdogo huhitaji kuamua kuteremka. Akasogea hatua moja. Akachomeka mguu tena, akauweka mkono tena. Alishuka hivyo mpaka kaburini, hatua kwa hatua, akimteremsha mtu asiyeonekana.

“Tata,” alimwita baba yake alipofika, kwa sauti ya kawaida, “nimefika.”

Hapo ndipo watu walipolia, na walilia kwa kweli. Ongeri alilia akiwa amefunika uso kwa kofia.

Bathsheba alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye kizingiti. Alisimama pale kwa nje, Mong'ina akiwa kwa ndani, na hatua moja tu kati yao.

“Ule mkono,” alisema. “Wewe ulituonyesha anaomba.”

Mong'ina alikuwa ameinua kiganja chake mwenyewe, amekiweka nyuma ya kiuno, anakifungua na kukifunga jinsi alivyofanya uwanjani siku ile nyuki walipohama.

“Mimi nilikuwa natangulia mtoni na mtungi,” alisema. “Sikuwahi kuwa nyuma yake.”

Nje, Gesare alikuwa bado hajalivua koti. Mvua ilikuwa imeanza kulilowesha na kulizidishia uzito, na wanawake wawili walikuja kumshika mabega ili asianguke.